Altezza RS200: nataka tairi pana nyuma (245/40R17). Itakaa au itakula fenda?

Beams_Mbezi:

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Toyota Altezza RS200, SXE10 (namba ya modeli) ya gia sita za mkono. Injini iko poa, shokapu zote nne nimeshabadilisha. Inatembelea rimu zake za kiwandani, 17x7J (kipenyo inchi 17, upana inchi 7) ofseti 50, tairi 215/45R17 (upana mm 215, rimu ya 17) mbele na nyuma. Tairi za nyuma kashata (vile vitalu vya mpira vinavyogusa lami) zimekwisha, kwa hiyo kununua ni lazima. Nikaona kama hela inatoka, basi itoke kwa kitu ninachokitaka.

Kuna jamaa Gerezani ana rimu mbili, 17x8.5J ofseti 38, tundu tano za boliti kwenye duara la mm 114.3, zimevaa 245/40R17. Kashata bado ndefu. Bei tumeelewana ila sijalipa. Mpango wangu zikae nyuma, mbele nibaki na 215.

Sababu ni mbili. Ya kwanza sifichi, napenda gari ijae nyuma. Ya pili ndiyo inayoninyima raha: mvua ikinyesha, nikitoka kipilefti na gia ya pili nikakanyaga mafuta kidogo tu, nyuma inatoka. Hii gari nabebea familia na Morogoro naenda nayo mara kwa mara.

Naomba kujua, zitaingia bila kugusa? ABS (mfumo wa kuzuia breki zisifunge magurudumu) haitawasha taa? Na je, nyuma itatulia kweli?

KijanaSinza:

Weka mkuu, usiwaze sana. Kuna Altezza mtaani kwetu ina 235 nyuma, haigusi popote na imependeza balaa. Tupia picha ukimaliza.

FundiTairi:

@KijanaSinza hiyo 235 iko kwenye rimu ya upana gani, ofseti ngapi? Bila namba hizo mbili hatujajua kitu. Tairi ile ile kwenye rimu moja inakaa vizuri, kwenye nyingine inakwangua kila tuta.

@Beams_Mbezi hela ibaki mfukoni kwanza tupige hesabu. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na pale rimu inapobana kwenye habu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, inatoka nje kuelekea fenda.

Rimu yako ya sasa 7J ina upana wa mm 178, nusu yake 89. Ofseti 50, kwa hiyo kwa ndani inafika mm 139 kutoka kwenye habu, kwa nje mm 39. Ile ya Gerezani 8.5J ina mm 216, nusu yake 108. Ofseti 38: kwa ndani mm 146, kwa nje mm 70. Maana yake kwa ndani unaongeza mm 7 tu, sina wasiwasi sana na shokapu. Kwa nje unatoka mm 31. Hizo ni sentimita tatu na kitu, upande mmoja.

Gari ikiwa tupu imesimama, itakaa, na itapendeza kweli. Kazi inaanza ikibonyea. Ingiza mkono juu ya tairi la nyuma ushike fenda kwa ndani, utakuta bati limekunjwa likatengeneza ukingo kama wa kidole kimoja. Ukingo huo ndio unaokata tairi. Gari zikija hapa zikiwa na tatizo hili nazijua kabla mwenyewe hajaeleza: bega la nje la tairi lina mchirizi unaozunguka tairi zima, laini, unang'aa, na ile plastiki ya ndani ya fenda imesuguliwa hadi nyeupe. Wengine wamefika waya zinaonekana.

Watu watatu nyuma, boti imejaa, tuta la Kibaha usiku hukuliona. Hapo ndipo upime, siyo pale dukani.

Beams_Mbezi:

Fundi nimekusoma, asante sana. Sasa nikikunja huo ukingo si tatizo limekwisha? Naona wengi wanakunja.

FundiTairi:

Unakunjika, na kuna namna yake. Bati linapashwa moto taratibu kwa mashine ya hewa ya moto hadi rangi ilainike, halafu linasukumwa kidogo kidogo kwa rola inayofungwa kwenye habu. Anayekunja kwa rungu la mpira au chuma cha jeki rangi inapasuka, na pale bati mbili zilipoungana sila (gundi ya kuzuia maji) inaachia. Maji yanaingia, miezi michache baadaye fenda inavimba kutu kutoka ndani. Ukisikia fundi anakwambia dakika tano, ondoka.

Mimi kwa gari ya kubeba familia ukingo sigusi mpaka njia nyingine zote ziishe.

Dada_Mhandisi:

Naomba niingie upande ambao haujaguswa, swali la tatu la mleta uzi: nyuma itatulia?

Wengi tunaamini tairi ikiwa pana basi mpira mwingi zaidi unagusa lami. Si hivyo moja kwa moja. Ukubwa wa eneo linalogusa chini unaamuliwa zaidi na uzito ulio juu ya tairi na upepo ulio ndani. Uzito ule ule, upepo ule ule, eneo linabaki karibu lile lile. Kinachobadilika ni umbo lake: kwenye tairi jembamba eneo ni refu kufuata mwendo, kwenye pana ni fupi na limetanuka kushoto na kulia. Umbo hilo la kutanuka linasaidia kwenye kona, tairi inajibu haraka na haipindi sana ubavu, na joto linagawanyika kwenye mpira mwingi. Faida ipo. Lakini ni ya lami kavu, na inategemea sana mpira wenyewe ni wa aina gani na una umri gani.

Kwenye maji hesabu inageuka. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni kwa wakati ule ule, kwa hiyo linaanza kuelea mapema. Ukiweka pana nyuma na jembamba mbele, siku ya mvua kubwa nyuma ndiyo inaelea kwanza huku mbele bado imeshika. Hapo gari inageuka mkia mbele, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Mleta uzi amesema shida yake ni mvua. Kwa mvua, 245 haimtibu, inaweza hata kumwongezea, hasa ikiwa kashata si ndefu au upepo uko chini.

DarMoro:

Dada umesema kweli tupu. Nipo barabara ya Morogoro karibu kila wiki. Kuna sehemu malori yamechimba mikondo miwili kwenye lami, mvua ikinyesha inakuwa mifereji. Gari yenye tairi pana inavutwa na ile mikondo, usukani unapigana na mikono. Nimeendesha Mark X ya ndugu yangu yenye tairi pana sana, kutoka Chalinze nilikuwa nimechoka mabega. Ukiwa umezoea saizi ya kiwandani utashangaa.

Makanika254:

Salamu kutoka Nairobi. Mjadala mzuri huu, niruhusuni nichangie kuhusu tabia ya gari lenyewe, kwa maana Altezza nimezitengeneza nyingi.

Ukiongeza nguvu ya kushika nyuma peke yake, hujaongeza nguvu ya gari zima. Umehamisha mizani. Ukiingia kona kwa kasi, mbele ndiyo itashindwa kwanza: unakata usukani na gari linaendelea kwenda mbele. Kwa dereva wa kawaida hiyo ni salama kuliko nyuma kutoka, na ndiyo sababu mojawapo viwanda vingi huvalisha magari yenye nguvu tairi pana nyuma. Lakini Altezza haikutengenezwa hivyo. Ilitoka Oktoba 1998, mhandisi mkuu akiwa Nobuaki Katayama, injini mbele, nguvu nyuma, RS200 ya gia za mkono ikiwa na nguvu farasi 210, na wakaivalisha 215/45R17 zote nne. Hawakukosa tairi pana Japani. Walitaka mbele na nyuma zishike sawasawa ili dereva alisikie gari.

Toyota hao hao mwaka 2012 walipotoa 86, ile yenye rimu za 17 ilitoka na 215/45R17 zote nne, saizi ile ile ya Altezza. Tena walichagua Michelin Primacy HP, tairi la matumizi ya kawaida. Gari la michezo kabisa, na tairi zake si pana kuliko za sedani yako.

Sasa angalia yale yaliyotoka kiwandani na pana nyuma. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 ilikuwa na 185/70 mbele na 215/60 nyuma, rimu za 15, na ndiyo 911 ya kwanza ya barabarani kutoka kiwandani hivyo. Injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli, uzito mwingi uko huko. Toyota MR2 ya SW20 ina injini katikati. Ilianza na 195/60R14 mbele na 205/60R14 nyuma, watu wakalalamika nyuma inatoka ghafla, Toyota wakarudi na 195/55R15 mbele na 225/50R15 nyuma. Honda S2000 nayo ilitoka 1999 na 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, na toleo la 2004 likawa na 215/45R17 na 245/40R17. Lakini angalieni jambo moja muhimu: MR2 na S2000 zote mbili, pamoja na tairi, walibadilisha pia pembe na viungo vya chini. Hawakuchukua rimu mbili pana wakazifunga nyuma wakamaliza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza tairi ipi, ndugu Beams, uliza kwa nini nyuma inatoka. Altezza ina mikono miwili ya kushikilia kila gurudumu, juu na chini. Bushi za nyuma, yaani mipira ya kwenye viungo vya mikono hiyo, zina hali gani na umri gani? Bushi zikifa, ukikanyaga mafuta gurudumu la nyuma linajigeuza lenyewe kidogo. Gari linakuwa linaongozwa na nyuma.

Z33_Muscat:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Muscat, asli yangu Unguja, naendesha Nissan Fairlady ya Z33. Yangu ilitoka kiwandani na 225/45R18 mbele na 245/45R18 nyuma, kwa hivyo naishi na huo mpango kila siku.

Raha yake ipo, nyuma inakaa chini kwelikweli. Lakini gharama zake nazo zijueni. Tairi huwezi kuzihamisha mbele kuja nyuma, za nyuma zinaliwa haraka maana ndizo zinazosukuma, kwa hivyo unanunua mbili mbili, na siku ukitafuta mbili za nyuma za jina lile lile hupati. Unaishia na mbele mpira wa namna hii na nyuma mpira wa namna ile, na hapo mizani yote aliyoisema ndugu wa Nairobi inaharibika.

La pili, joto. Huku kwetu tairi lenye kashata ndefu si hoja. Jua linakausha mpira, ubavu unafanya nyufa ndogo ndogo, kashata zipo lakini mpira umekuwa mgumu, haushiki. Mwambie huyo muuzaji akuoneshe tarehe.

Beams_Mbezi:

Wakuu nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. @Z33_Muscat tarehe naisomaje?

FundiTairi:

Kwenye ubavu tafuta neno DOT, fuata herufi zake hadi mwisho utaona tarakimu nne ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine iko ubavu wa ndani tu, usione uvivu kuigeuza. Halafu bonyeza kashata kwa ukucha. Mpira mzima unabonyea kidogo. Uliokufa ukucha unateleza.

Na usitosheke na tairi moja, soma zote mbili. Difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) ya RS200 nyingi ni ya aina ya Torsen, haipendi tairi moja kubwa na nyingine imelika.

Forester_Tegeta:

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina Subaru Forester ya tabo, na mimi nilitaka pana nyuma. Vipi?

Makanika254:

Usithubutu ndugu. Hilo linavuta magurudumu yote manne. Nyuma na mbele zikiwa na mizunguko tofauti, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka na kufa. Subaru wanataka tairi zote nne zisipishane mzunguko zaidi ya robo inchi, yaani mm 6 na kidogo. Hata kununua mbili mpya na kuacha mbili zilizolika ni hatari kwako. Zote nne, saizi moja, jina moja.

Forester_Tegeta:

Nimeelewa, shukrani.

KijanaSinza:

Lakini wakuu, tusimkatishe tamaa mwenzetu. Muonekano nao ni sababu. Mtu amenunua gari kwa jasho lake, anataka aitoe nje asubuhi aitazame afurahi. Na Altezza kwa 7J kweli zimezama ndani ya fenda, hazipendezi.

FundiTairi:

Hilo nakubaliana nawe kabisa, na wala si la kubeza. Mimi mwenyewe kazi yangu ni rimu, nazipenda. Ninachokataa ni kutoka mm 30 kwenye gari inayobeba watoto.

Kuna kati na kati. Tafuta 17x8J ofseti 45. Kwa ndani unaongeza mm 8 hivi, kwa nje unatoka mm 18. Hiyo inaijaza fenda vizuri, na kwa gari ambayo haijashushwa sijaona ikileta ugomvi, ingawa kupima ni lazima. Rimu ya 8J inapokea 225/45R17 na inapokea 235/40R17 pia. Ukitaka nyuma pana kidogo, mbele 225 na nyuma 235. Ukitaka amani, 225/45R17 zote nne, unazizungusha mbele na nyuma zinalika sawa.

Na kwa wanaouliza ABS: ABS inalinganisha mzunguko wa magurudumu, haijali upana. 215/45R17 ina kimo cha mm 625. 245/40R17 ina mm 628. Hapo taa haitawaka. 235/40R17 ina mm 620, nayo sawa. Lakini mtu akikuuzia 245/45R17 akisema ni zile zile, hizo ni mm 652, zaidi ya asilimia 4 juu, hapo unasumbua kila kitu. Namba ya katikati ni asilimia ya upana, kwa hiyo upana ukipanda, hiyo namba ishuke.

Kingine ambacho watu hawakitazami ni 245/40 kuvalishwa kwenye 7J ya kiwandani. Nimeombwa kazi hiyo mara nyingi. Saizi hiyo inataka rimu ya 8J kwenda juu. Ukiibana kwenye 7J mashavu yanavimba, kashata za katikati ndizo zinagusa chini, na kwenye kona ubavu unalala. Umenunua upana ambao haugusi barabara.

Dada_Mhandisi:

Fundi hapo umenena. Niongeze swali kwa mleta uzi: mara ya mwisho ulifanya alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) lini, na walipima nyuma?

Beams_Mbezi:

Nilifanya nilipobadilisha shokapu. Nadhani walipima mbele tu, sikuona wakifunga vipimo nyuma.

Dada_Mhandisi:

Basi anzia hapo. Sehemu nyingi wanarekebisha mbele na kukuaga, kwa sababu gari nyingi ndogo za mitaani nyuma haina cha kurekebisha. Altezza nyuma inarekebishika. Magurudumu ya nyuma yanatakiwa yatazamane kwa mbele kidogo sana. Yakiwa yamefunguka, yaani kila moja linatazama nje, gari ukiikanyaga mafuta inatafuta pa kwenda. Na shokapu zikifunguliwa, pembe zinahama.

Ukiniuliza mimi, una tairi za nyuma zilizokwisha kashata, alaimenti ya nyuma haijapimwa, na bushi hazijaangaliwa. Hapo hata ungekuwa na 275, mvua ingekutoa.

DarMoro:

Na mguu mkuu, tusisahau mguu. Hizo injini za Beams za Altezza zinaamka juu, lakini gia ya pili kwenye kipilefti chenye mafuta ya malori na mvua ya kwanza ya msimu, hata tairi mpya inateleza. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, vumbi na oili vinakuwa utelezi mtupu.

Beams_Mbezi:

Mrejesho wakuu.

Nimerudi Gerezani nikiwa na tochi. DOT ya tairi moja ni 1415, ya pili 4013. Moja ya 2015, nyingine ya 2013, na zinauzwa kama pacha. Zina umri mkubwa kuliko mwanangu wa darasa la tatu. Nimebonyeza kashata kwa ukucha kama fundi alivyosema, ngumu kabisa, na karibu na ukingo wa rimu kuna nyufa nyembamba. Kwa macho tu ungezipenda, zilikuwa zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa. Nimemshukuru jamaa, nikaondoka.

Halafu nikaenda kwa makanika wangu, tukainyanyua gari. Ameweka nondo ndefu kwenye mkono wa chini wa nyuma kulia, akausukuma, bushi imechanika nusu, mkono unatembea. Kushoto imeanza kupasuka lakini bado inashika. Atabadilisha pande zote mbili.

Sasa kwa tairi. Rimu za 8J ofseti 45 nimezitafuta, zipo za nne lakini bei imenizidi kwa sasa. Je, naweza kuvalisha 225/45R17 kwenye rimu zangu za 7J, zote nne mpya? Au nibaki 215?

FundiTairi:

Unaweza, na ni uamuzi ninaoupenda. 225/45R17 inapokea rimu kuanzia 7J hadi 8.5J, kwa hiyo uko ndani ya mipaka. Tairi inatanuka mm 5 tu kila upande, kimo kinakuwa mm 634, juu ya ile ya zamani kwa asilimia 1.4. Spidi mita itasoma chini ya mwendo halisi kwa tofauti hiyo, ukiona 100 ujue ni zaidi kidogo. Kwa matuta yetu hizo mm 4 na nusu chini ya tumbo la gari utazishukuru.

Faida nyingine, ni saizi inayovaliwa na magari mengi, madukani ipo, majina mazuri yapo, na huhitaji kuchukua mtumba. Na siku ukipata hela ya zile 8J, tairi hizi hizi zinahamia huko bila kununua nyingine. Zikikaa kwenye 8J mashavu yananyooka vizuri zaidi.

Angalia pia namba ya mzigo. 215/45R17 yako imeandikwa 87, yaani kilo 545 kwa tairi. 225/45R17 nyingi ni 91, kilo 615. Usichukue iliyo chini ya 87 hata ikiwa rahisi.

Z33_Muscat:

Ndugu Beams, hapo umefanya la maana. Nne mpya, mpira mmoja. Ningekuwa na Altezza ningefanya hivyo hivyo.

KijanaSinza:

Haya mkuu, mimi nilikuwa upande wa 245 lakini DOT ya 2013 imenitisha. Ngoja na mimi nikasome zangu.

Makanika254:

Baada ya bushi, alaimenti, usifanye kabla. Ukifanya kabla utalipa mara mbili. Na mwambie afunge boliti za mikono gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, si likiwa juu ya jeki. Wakifunga huku mkono umening'inia, bushi mpya inakaa imejinyonga muda wote na itachanika tena mapema. Hili nimelirekebisha kwenye magari mengi yaliyotoka gereji nyingine.

Beams_Mbezi:

Hilo la kufunga gari ikiwa chini sikulijua, nitasimama pale pale nione. Fundi la mwisho, upepo nijaze kiasi gani na nati zikazwe vipi? Kuna mmoja aliniambia ziruke juu yake kwa spana.

FundiTairi:

Hapana, usiruke. Nati za Toyota hizo ni 12 kwa 1.5, zinakazwa kwa spana ya kupima hadi 103 Nm, kwa mpangilio wa nyota, siyo kuzunguka duara. Ukiruka unavuta stadi (zile skrubu za habu zinazoshika nati) na diski ya breki inapinda, halafu utalalamika usukani unatetemeka. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kuzipima zote. Ukija kubadili rimu siku za mbele, kumbuka nati zinabadilika pia: rimu nyingi za alumini za Toyota zinataka nati yenye washa bapa, za kununua zinataka koni. Na tundu la katikati la Toyota ni mm 60.1, rimu ya nje ikiwa na tundu kubwa, weka pete ya kujaza nafasi, usiache rimu inaning'inia kwenye stadi.

Upepo anza na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Siku unapakia familia kwenda Moro, kama kibandiko kina mstari wa mzigo kamili, fuata huo. Usiushushe ukidhani gari italainika, kwa mvua ni kinyume, tairi lenye upepo mdogo ndilo linaloelea mapema.

Beams_Mbezi:

Bushi zinaingia Jumamosi, alaimenti Jumatatu, tairi nimeshaweka oda. Karatasi ya vipimo vya nyuma, kabla na baada, nitaipandisha hapa ili mwenye SXE10 mwingine aitumie.

Dada_Mhandisi:

Ipandishe, na uandike na uzito ulio ndani ya gari wakati wa kupima. Kama huwa unaendesha peke yako, wapime ukiwa umekaa kwenye kiti, tangi likiwa nusu.